Simu janja kuizika kompyuta? Jibu lipo Ndalambo

Na Mwandishi Wetu, Ndalambo

KWA kijana aliyemaliza kidato cha sita katika Kata ya Ndalambo, wilayani Momba, Mkoa wa Songwe, simu ya mkononi ni benki, posta, redio na ubao wa matangazo. Matokeo ya mtihani huyasoma humo, fedha kutoka kwa ndugu aliyeko Tunduma huzipokea humo, na habari za mpira huzifuatilia humo.

Lakini siku Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inapofungua dirisha la maombi, simu hiyo hiyo humfikisha nusu ya njia tu. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha huchapishwa kwenye karatasi, husainiwa, hugongwa mihuri, na kurasa zilizosainiwa hurudishwa tena mtandaoni zikiwa zimeskaniwa.

Hapo ndipo safari ya kutafuta kompyuta inapoanza. Asiyeipata jirani hupanda gari kwenda mjini, akiwa na bahasha ya vyeti kwapani na tarehe ya mwisho kichwani.

Katika pengo hilo, baina ya simu iliyoko mfukoni na kompyuta iliyoko mjini, ndimo lilimo jibu la swali ambalo dunia imekuwa ikijiuliza kwa zaidi ya miaka 15: je, simu janja zitaziondoa kompyuta za mezani na kompyuta mpakato?

Wanaojibu kuwa zitaziondoa hawakosi hoja. Robo ya mwisho ya mwaka 2010 iliweka historia pale kampuni ya utafiti wa masoko ya IDC ilipohesabu simu janja milioni 100.9 zilizosafirishwa duniani kwenda sokoni, dhidi ya kompyuta milioni 92.1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa simu kuipita kompyuta, ambayo kwa sura yake ya kisasa ilianza kuenea baada ya IBM kutoa kompyuta binafsi mwaka 1981.

Kuanzia hapo pengo lilizidi kupanuka. Mwaka 2016 simu janja zilizopelekwa sokoni zilikaribia bilioni moja na nusu, ilhali kompyuta zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka. Oktoba ya mwaka huo huo, kampuni ya StatCounter ilitangaza kuwa matumizi ya intaneti kupitia simu na vishikwambi yalifikia asilimia 51.3 duniani na kuyapita yale ya kompyuta kwa mara ya kwanza.

Kwa takwimu hizo, wengi waliona kuwa mazishi ya kompyuta yamekaribia. Ikaja korona.

Ofisi na shule zilipofungwa katika nchi nyingi mwaka 2020, watu waliokuwa na simu nzuri mikononi mwao walikimbilia madukani kununua kompyuta. Mwaka 2021 kompyuta zilizosafirishwa kwenda sokoni zilizidi milioni 340 kwa hesabu za IDC, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban muongo mmoja. Mauzo yalishuka tena kuanzia mwaka 2022, lakini somo lilikwisha kueleweka: mtu anapolazimika kufanya kazi yake yote, si kuisoma tu, simu humpwaya.

Malori ya Tunduma

Mmoja wa waliolitabiri jambo hili mapema ni Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, ambayo mwaka 2007 ilianza kuuza simu ya iPhone. Akizungumza katika mkutano mmoja nchini Marekani Juni 2010, Jobs alizifananisha kompyuta na malori. Alieleza kuwa Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima magari yote yalikuwa ya mizigo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyohitajika shambani. Miji ilipokua, watu wakapenda magari madogo. Kompyuta, alisema, zitabaki, ila zitatumiwa na wachache.

Mfano huo hauhitaji maelezo marefu kwa mkazi wa Songwe. Tunduma ni mji wa malori. Huko ndiko mizigo inayotoka Bandari ya Dar es Salaam inakovukia kuingia Nakonde, Zambia, na kuendelea hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko ndiko shaba ya ukanda huo inakoingilia nchini.

Katika mji huo abiria wanaopanda bodaboda ni wengi kuliko madereva wa malori. Hata hivyo, hakuna anayedhani kuwa bodaboda zitaliondoa lori barabarani. Bodaboda humfikisha mtu. Lori hubeba mzigo unaoulisha mji.

Hali iko hivyo hivyo ndani ya ofisi za mawakala wa forodha mpakani hapo. Wakala hupigiwa simu na mwenye mzigo, hutumiwa picha za nyaraka kwa WhatsApp na kujua kwa simu lori limefika wapi. Lakini tamko la forodha lenye namba za bidhaa, uzito, thamani na kodi huandaliwa kwenye kompyuta, kwa kuwa ni kazi ya kulinganisha nyaraka kadhaa kwa wakati mmoja, na tarakimu moja iliyokosewa yaweza kulilaza lori mpakani.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kutumia mfumo wa forodha wa TANCIS mwaka 2014, na Oktoba 2019 marais wa wakati huo, Dk. John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Kasi ya mpaka huo, ambayo mfanyabiashara huifuatilia kwa simu, huendeshwa na watu walioketi mbele ya kompyuta.

Nafasi iliyokuwa tupu

Kosa la wengi wanaolijadili suala hili ni kuchukua hali ya Ulaya na Marekani na kuiweka juu ya Tanzania. Huko, kompyuta iliingia nyumbani kwanza, na simu janja ikafuata miaka mingi baadaye. Simu ilikuja kupunguza kazi za mashine ambayo familia ilikwisha kuizoea.

Tanzania ilipita njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na vibali vilivyotolewa baada ya hapo vilikuwa vichache. Milango ilifunguka polepole, na biashara ya kompyuta ilishamiri hasa miaka ya 1990.

Kwa hiyo miaka ambayo familia za nchi tajiri zilikuwa zikinunua kompyuta ya kwanza, Mtanzania wa kawaida hakuiona hata ofisini. Ilipofika miaka ya 2000, wakazi wa mijini waliijua kompyuta kupitia vibanda vya intaneti, ambako mtu alilipia kwa dakika kusoma barua pepe. Vijijini hata hilo halikuwapo.

Mambo yalibadilika haraka kuanzia mwaka 2008, Vodacom ilipoanzisha huduma ya M-Pesa nchini. Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kufanya kazi Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasogezwa mikoani hadi mpakani Tunduma. Waliopokea neema hiyo hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na simu.

Ndiyo maana kusema kwamba simu imechukua nafasi ya kompyuta mahali kama Ndalambo si sahihi. Simu haikuchukua nafasi ya mtu. Ilikuta nafasi tupu, ikakaa.

Na imekaa vizuri. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonyesha kuwa hadi Desemba 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilifikia milioni 70.3, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Laini zilizokuwa zikitumia intaneti zilikuwa milioni 35.8. Si kila laini ni mtu mmoja, na wengi bado walikuwa wakitumia vitochi, lakini hakuna kifaa kingine cha mawasiliano kilichowahi kuwafikia wananchi wengi kiasi hicho.

Simu ilipofaulu

Mifano ya mafanikio ya simu si ya kutafuta kwa tochi. Agosti 8, 2022, katika kilele cha maonyesho ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Wakulima waliandikishwa pamoja na namba zao za simu, wakapokea namba ya utambulisho kwa ujumbe mfupi, na wakala wa mbolea akawa anahakiki mauzo kwa kutumia simu yake.

Katika mpango huo mkulima wa mahindi mwenye kitochi hakuhitaji kuijua kompyuta hata kwa jina, ingawa orodha yote ya wakulima nchini ilitunzwa na kuchambuliwa kwenye kompyuta. Ngazi zilikuwa tatu: kitochi kwa mkulima, simu janja kwa wakala na kompyuta kwa mdhibiti. Ngazi moja ikikatika, mfuko wa mbolea haumfikii mkulima.

Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, ilianza Sensa ya Watu na Makazi. Makarani waliopita nyumba kwa nyumba hawakubeba madodoso ya karatasi kama ilivyokuwa mwaka 2012. Walibeba vishikwambi, ambavyo kwa hakika ni simu zenye kioo kipana.

Tofauti ilionekana kwenye kalenda. Matokeo ya mwanzo ya sensa ya Agosti 2012 yalitangazwa Desemba 31 mwaka huo, yaani baada ya miezi minne. Ya mwaka 2022 yalitangazwa Oktoba 31, baada ya miezi miwili na siku chache. Baada ya sensa, vishikwambi hivyo vilielekezwa kwa walimu wa shule za umma.

Hapo pia mgawanyo wa kazi ulikuwa ule ule. Kishikwambi kilikusanya majibu mlangoni. Kujumlisha, kusahihisha na kuchora ramani za idadi ya watu kulifanywa na watakwimu kwenye kompyuta.

Mfano wa tatu ni kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi huiita "kontrol namba". Tangu mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, GePG, uanze kutumika mwaka 2017, mwananchi hulipia leseni, ada au faini kwa simu yoyote, hata kitochi. Mfumo huo ulijengwa ukimfikiria mtu mwenye simu ndogo, ndiyo maana haukumwacha nyuma.

Uchumi wa steshenari

Kinyume chake ni huduma zilizobuniwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, akimfikiria mwingine aliyeketi mbele ya kompyuta. Hizi ndizo zinazomtoa kijana Ndalambo kwenda kutafuta steshenari.

Steshenari ni taasisi ambayo haimo katika mpango wowote wa maendeleo, lakini bila hiyo mambo mengi ya vijana yangekwama. Ni chumba chenye kompyuta moja au mbili, mashine ya fotokopi, printa na skana. Humo huandikwa barua za maombi ya kazi, hufunguliwa akaunti za barua pepe, huhakikiwa vyeti vya kuzaliwa na huwasilishwa maombi ya vyuo na ya Sekretarieti ya Ajira.

Msimu wa maombi ukifika, foleni hukua. Umeme ukikatika, foleni husimama. Mtandao ukielemewa siku za mwisho, kila mmoja husubiri huku saa ikienda.

Gharama si nauli na bei ya kuchapa kurasa pekee. Kijana asiyejua kutumia kompyuta humwachia mwenye steshenari amtengenezee barua pepe na neno la siri. Wengine hawaondoki hata na nakala ya neno hilo. Miezi miwili baadaye, bodi inapotaka marekebisho, mwombaji hawezi kuifungua akaunti yake mwenyewe mpaka amtafute yule aliyeifungua.

Pia taarifa zake zote, namba ya kitambulisho cha taifa, vyeti, majina ya wazazi na namba ya akaunti ya benki, hubaki katika kompyuta ya mtu asiyemfahamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, lakini ni vigumu kuidai haki hiyo kwa mtu uliyemkabidhi vyote kwa hiari kwa sababu hukuwa na njia nyingine.

Hapa ndipo panapohitaji kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna kazi ambazo simu haiziwezi, na kuna kazi ambazo simu inaziweza lakini imekatazwa na utaratibu.

Kuskani cheti, kwa mfano, ni kazi ambayo kamera ya simu janja huimudu. Kutia saini na kuthibitishwa na mtendaji wa kijiji kungeweza kufanyika kwa simu iwapo utaratibu ungeruhusu. Anayemlazimisha kijana kupanda gari katika mambo haya ni karatasi ya A4, wala si udhaifu wa simu.

Simu inapokwama

Ukiondoa hizo, zinabaki kazi ambazo simu kweli inakwama. Mwalimu mkuu au mganga wa zahanati anayetakiwa kuandaa hesabu za kituo chake katika mfumo wa FFARS, ulioanzishwa mwaka 2017, hufanya kazi ya safu na mistari mingi ya tarakimu. Kuifanya kwa kidole kimoja kwenye kioo cha simu ni kama kupalilia ekari nzima kwa kijiko.

Ndivyo ilivyo kwa tasnifu ya chuo kikuu, mchoro wa nyumba, uhariri wa gazeti na, zaidi ya yote, utengenezaji wa programu zenyewe. Programu karibu zote ambazo kijana wa Ndalambo anazitumia kwenye simu yake ziliandikwa na mtu aliyekuwa na kibodi na kioo kikubwa.

Wapo wanaopinga kuwa ni suala la mazoea tu. Wanatoa mfano wa Japani, ambako miaka ya 2000 vijana waliandika riwaya nzima kwa simu za vitufe, na mwaka 2007 baadhi ya riwaya hizo zikawa miongoni mwa vitabu vilivyoongoza kwa mauzo nchini humo.

Wanaongeza kuwa sauti inakuja kuchukua nafasi ya kibodi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka mwaka 2017, na tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, akili mnemba imeweza kuandika barua ya maombi ya kazi kwa ombi la sentensi moja kupitia simu.

Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini haiondoi kompyuta, inaihamisha. Akili mnemba huendeshwa na majengo yaliyojaa kompyuta zenye nguvu nyingi, yaliyo mbali na Ndalambo, na simu huwa ni dirisha tu la kuchungulia. Bando likiisha, au mnara ukizimika, dirisha hufungwa.

Jaribio la kuzioanisha

Kampuni kubwa nazo zimejaribu kuifanya simu iwe kompyuta kamili. Mwaka 2011 Motorola ilitoa simu ya Atrix iliyochomekwa kwenye kifaa chenye umbo la kompyuta mpakato. Mwaka 2013 kampuni ya Canonical iliomba wananchi wa dunia wachangie Dola milioni 32 za kutengeneza Ubuntu Edge, simu ambayo ingegeuka kompyuta. Ahadi ziliishia chini ya milioni 13 na mradi ukafa.

Microsoft ilifuata mwaka 2015 na huduma ya Continuum katika simu za Lumia, kisha ikaachana na biashara ya simu. Samsung ilileta DeX mwaka 2017, na hiyo ndiyo iliyodumu, ingawa hupatikana katika simu na vishikwambi vyake vya bei ya juu.

Sababu ya majaribio hayo kutovuma ni rahisi. Anayeweza kununua simu ya bei kubwa, kioo, kibodi na kipanya, tayari ana uwezo wa kununua kompyuta. Asiyeweza kununua kompyuta, hata simu hiyo haiwezi.

Badala ya simu kuwa kompyuta, kompyuta nazo zilianza kufanana na simu. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta mpakato zenye kichakato cha M1, cha ukoo mmoja na vile vya simu zake, na zikasifiwa kwa kukaa na chaji muda mrefu. Mwaka 2025 Google ilisema inaunganisha mfumo wake wa kompyuta, ChromeOS, na ule wa simu, Android.

Habari hiyo yaweza kuwa na maana zaidi vijijini kuliko mijini. Iwapo uwezo wa kuunganishwa na kioo kikubwa utashuka hadi kwenye simu za bei nafuu, familia yenye televisheni bapa ukutani itakuwa na nusu ya kompyuta bila kujua. Itahitaji kibodi tu. Lakini hiyo ni "iwapo", na mipango ya nchi haijengwi juu ya neno hilo.

Umeme, kodi na mitumba

Mpaka hapo mambo matatu yataamua kasi ya mabadiliko mahali kama Ndalambo.

La kwanza ni umeme. Kompyuta ya mezani huzima pale pale umeme unapokatika, na kazi isiyohifadhiwa hupotea nayo. Simu huchajiwa hata kwa sola ndogo ya juu ya paa. Katika shindano hilo kompyuta ya mezani ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mrithi wake wa karibu ni kompyuta mpakato, inayobeba betri yake.

La pili ni bei. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi wavimudu. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Mwananchi wa kipato cha chini, ambaye kwake simu ndiyo kompyuta pekee, alirudi alikokuwa.

La tatu halizungumzwi sana. Kompyuta nyingi zinazofika mikononi mwa wenye steshenari na shule ni mitumba. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea mfumo unaofuata. Zitaendelea kuwaka, lakini bila masasisho mapya ya usalama wa mfumo, isipokuwa kwa wanaojiunga na huduma ya nyongeza au kuhamia mifumo huru kama Linux. Kompyuta zinazotunza vyeti vya vijana ndizo zitakazokuwa dhaifu zaidi.

Serikali kwa upande wake imeweka nguvu kwenye minara. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ni hatua kubwa. Lakini mnara humleta kijana kwenye intaneti. Haumfundishi kutengeneza kitu humo.

Mfuko huo pia umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma, na hilo ndilo lenye kustahili kupanuliwa. Mwanafunzi anayechorewa kibodi ubaoni atafaulu kuitaja, hatafaulu kuitumia. Akifika chuoni atakuta wenzake wa mijini wamemtangulia, si kwa akili bali kwa mazoezi ya vidole.

Anayebeba mzigo

Jibu la swali, basi, ni kwamba simu janja haitaizika kompyuta. Itaipunguzia idadi, itaiondoa sebuleni na mifukoni mwa wengi, na kuiacha mahali ambapo kazi nzito hufanyika: ofisini, maabara, shuleni na mpakani.

Hatari kwa Tanzania haiko katika kifaa kipi kitashinda. Hatari ni nchi kugawanyika mafungu mawili, moja la wachache wenye kompyuta wanaotunga mifumo, kuandika fomu na kupanga masharti, na jingine la wengi wenye simu ambao kazi yao ni kubonyeza palipoandikwa "kubali".

Dawa ina pande mbili. Kila huduma ya umma inayotolewa kwa mtandao ijaribiwe kwanza kwa simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao hafifu, kabla ya kuzinduliwa. Na kompyuta ichukuliwe kama trekta: si lazima kila kaya iwe nayo, lakini kila kata iwe na mahali pa kuipata na mtu wa kumfundisha anayetaka kuiendesha.

Shule ya sekondari ya kata, inayofungwa jioni na wakati wa likizo, ni mahali pa kuanzia. Kompyuta tano zilizofunguliwa kwa umma majira ya maombi ya mikopo na vyuo, chini ya uangalizi wa mwalimu, zingeokoa nauli za vijana wengi na siri zao nyingi.

Mpaka hilo litakapofanyika, kijana wa Ndalambo ataendelea kuyasoma matokeo yake kwenye simu akiwa nyumbani, kisha kupanda gari kwenda kuufuata mustakabali wake kwenye kompyuta ya mtu mwingine.